Atakaye Uhakimu na Ajue Habari za Siku

Ukitoka Karatu ukapita lango la hifadhi, kisha ukafuata njia ya ukingo wa mashariki wa Kreta ya Ngorongoro ukielekea kaskazini, utafika Nainokanoka, chini ya mlima Olmoti. Jina la mlima huo, kwa Kimasai, ni la chungu cha kupikia; na ndani ya chungu hicho ndimo Mto Munge uanzamo, ukateremka hadi kreta kubwa na kuwanywesha wanyama ambao watu huja kutoka pembe zote za dunia kuwatazama. Ni mahali pa baridi na ukungu. Asubuhi waweza kukutana na mtu njiani usimjue ni nani mpaka akuitikie salamu.

Huko ndiko nilikomkuta binti wa miaka ishirini na sita, mtoto wa mwenye duka la unga, sukari na sabuni. Mama yake ni Mmasai wa huko huko. Baba yake ni mzaliwa wa Karatu. Binti huyo ana shahada ya sheria, na amehitimu mafunzo ya uanasheria kwa vitendo yatolewayo na Taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Ameomba kazi ya Hakimu Mkazi mara moja akakosa, na sasa anangoja tangazo jingine. Nyuma ya magunia ya unga ana meza, taa ya jua, simu, redio ya babaye, na daftari kubwa lenye jalada jekundu. Daftari hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa kuwa najua nyumba nyingi za wasomaji wetu zina kijana wa namna hii, aliyemaliza masomo, akakaa akingoja, asijue asome nini tena.

Kwa wale wasioijua njia yenyewe, nieleze kwa ufupi. Tanzania Bara hakimu huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama, iliyowekwa na Katiba ya 1977 katika ibara ya 112. Mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Wajumbe ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Mahakama ya Rufani, Jaji Kiongozi, na wengine wawili wateuliwao na Rais. Nafasi zikipatikana Tume hutangaza, watu huomba, wenye sifa huitwa kwenye mchujo wa maandishi, na wanaopita huitwa kuhojiwa ana kwa ana. Kila hatua hupunguza watu.

Vijana wengi hudhani kwamba mtu akizikariri sheria za ushahidi na mwenendo wa mashauri, basi amemaliza kazi. Nchi nyingine zimekataa dhana hiyo waziwazi. Huko Uhindi, katika jimbo la Uttar Pradesh, mtihani wa awali wa kuingia uhakimu una karatasi mbili: moja ya sheria yenye alama 300, na nyingine ya maarifa ya jumla yenye alama 150, ambamo habari za siku zina fungu lao. Kwetu, mtu awe ameulizwa habari hizo waziwazi au la, haziepukiki. Maana sheria yenyewe haikai mahali pamoja. Hubadilishwa Bungeni, hufasiriwa mahakamani, hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Na mtu aliyeisoma miaka mitano iliyopita akalala, ataamka ameshika kitu kisichokuwapo.

Nitatoa mfano mmoja, wala si wa kubahatisha. Mwezi wa Aprili 2025 Serikali ilizindua Toleo la 2023 la Sheria Zilizorekebishwa, nalo likaanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Katika toleo hilo baadhi ya vifungu vilibadilika namba. Fikiri basi, ndugu msomaji, kijana aliyekariri namba za vifungu kutoka kitabu cha zamani alichoachiwa na kaka yake. Anajibu kwa ushujaa, anataja kifungu na kijifungu, na wanaomsaili wanajua tangu neno la kwanza kwamba huyu hakusikia kilichotokea. Kosa lake halitokani na uvivu wa kusoma. Amekosa habari tu.

Hali kadhalika lugha. Zamani hakimu alisikiliza kesi kwa Kiswahili akaandika kwa Kiingereza, na mshitakiwa akatoka na karatasi asiyoweza kuisoma. Mwaka 2021 Sheria Namba 1 ya mwaka huo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huo huo Mahakama Kuu ilikuwa ikiadhimisha miaka mia moja tangu ianze kazi, na katika Siku ya Sheria ya tarehe 1 Februari, Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Mtu aweza kukumbuka kisa hicho kama hadithi ya kupendeza. Atakaye uhakimu humpasa akiulize zaidi: ni lini Kiingereza chaweza bado kutumika, na kwa sababu gani? Hapo ndipo habari igeukapo kuwa elimu.

Sasa nirudi Nainokanoka.

Baba mkubwa wa binti huyo alikuwa karani wa mahakama miaka mingi, na sasa amestaafu, anakaa Karatu. Kila mwezi hupanda gari la abiria kwenda kumsaili. Huketi juu ya kreti la soda, huvaa miwani, na kuanzia hapo husahau kwamba yeye ni baba mkubwa. Siku niliyokuwapo alimwuliza hivi:

“Mwezi wa Agosti 2024 kata yenu hii ilifutwa. Nani aliifuta, kwa chombo gani, na Mahakama ilisema nini?”

Binti akajibu kwa haraka, na uso wake ukabadilika: “Baba Mkubwa, walitufuta kwa dhuluma, na Mahakama ikasema ardhi hii ni yetu.”

Mzee akavua miwani. “Mwanangu, umenipa uchungu wako, nami nauheshimu, kwa kuwa ni wangu pia. Lakini sikukuuliza uchungu. Nimekuuliza mambo matatu, na hukunijibu hata moja. Na la tatu umelizua.”

Pakawa kimya. Mama aliyekuwa akipima sukari alisimamisha mkono. Nadhani hata mimi niliona mzee amekuwa mkali, kwa sababu jambo lenyewe si jepesi kwa watu wa huko. Lakini alipolifungua, nilikubali kwamba alikuwa na haki.

Mambo yalikuwa hivi. Tarehe 2 Agosti 2024 ilitolewa amri ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, ikatangazwa katika Gazeti la Serikali, kuondoa katika orodha kata 11 na vijiji 25 vya tarafa ya Ngorongoro, Nainokanoka ikiwa mojawapo. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa karibu, nao ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Na pasipo na kijiji hapana mwenyekiti wa kuchaguliwa. Watu walijitokeza barabarani kwa siku kadhaa wakipinga. Mkazi mmoja alikwenda Mahakama Kuu, Arusha, na tarehe 22 Agosti Mahakama ikatoa amri ya kusimamisha utekelezaji wa tangazo lile. Mwezi huo huo Serikali ilitangaza kwamba wakazi watapiga kura mahali pao. Tarehe 1 Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wawakilishi wa Wamasai mjini Arusha, akaahidi kuunda tume mbili: moja ya kuchunguza malalamiko ya ardhi, nyingine ya kutazama zoezi la watu kuhama kwa hiari.

“Tazama basi,” mzee akasema. “Mahakama ilisimamisha. Kusimamisha ni kusema: ngojeni, msiguse, mpaka tusikilize. Haikusema ardhi ni ya nani. Wewe ukiwa hakimu, mtu akaja na amri ya zuio la muda akidai ameshinda kesi, utamkabidhi shamba?”

Binti alicheka kidogo, kisha akaandika.

Ningependa wasomaji walishike jambo hili, maana ndilo gumu kuliko yote katika habari za siku. Habari ya mbali mtu huisoma kwa utulivu. Habari ya kwao huijua kwa moyo, na kwa hiyo hudhani anaijua. Binti huyu angeulizwa juu ya Ghana au Malaysia angejibu kwa tarehe na majina. Alipoulizwa juu ya kijiji chake alijibu kwa yale yaliyosemwa kisimani. Na bila shaka msaili mwenye akili, akiona katika fomu kwamba mwombaji ametoka Ngorongoro, atamwuliza juu ya Ngorongoro, ili apime kama ataweza kuliweka kando jambo limhusulo. Anayetoka Mtwara ataulizwa gesi. Anayetoka Mbarali, maji na mashamba.

Dini yetu ilitangulia kutufundisha adabu hii. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuihakiki habari iletwayo na mtu asiyeaminika kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na Mtume (s.a.w.) alipomtuma Sayyidna Ali kwenda Yemen kuhukumu, alimwusia asikate baina ya wawili kabla ya kumsikia wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Hiyo ni kanuni ya hakimu. Nami nasema ni kanuni ya msoma habari pia.

Yapo mengine ya kwao ambayo binti huyo ameyaandika vizuri. Ngorongoro ilifanywa eneo la hifadhi lenye watu ndani yake mwaka 1959, na UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia mwaka 1979. Mwaka 2022 ilianza safari ya familia kuhamia Msomera, wilaya ya Handeni. Upande wa Loliondo, vijiji vinne vya Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash vilikuwa vimeishitaki Serikali mwaka 2017 katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 30 Septemba 2022 kitengo cha kwanza kiliitupa kesi yao. Tarehe 29 Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaitengua hukumu ile na kuamuru shauri lisikilizwe upya. Mtu aliyesoma habari ya kwanza peke yake atasema wanavijiji walishindwa. Aliyesoma ya pili peke yake atasema walishinda. Wote wawili wamekosea, na wote wawili watakuwa na gazeti la kuonyesha!

Nimetaja Mahakama ya Afrika Mashariki. Watu wa Karatu hawakumbuki mara nyingi jinsi walivyo karibu na mambo makubwa: Arusha, mwendo wa saa chache tu, pana makao ya mahakama hiyo na pia ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo tangu 2021 hadi 2025 rais wake alikuwa Jaji Imani Daud Aboud, mwanamke wa Kitanzania. Mabinti wa Kiislamu wanaoambiwa kwamba kiti cha hukumu si chao wangefaa kulijua jina hilo. Msailiwa naye hana budi kujua kwamba Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo, na aweze kueleza tofauti yake na mahakama ile nyingine. Kuhusu Jumuiya yenyewe, yatosha kujua kwamba Somalia ilikamilisha kujiunga Machi 2024 ikawa nchi ya nane. Habari za ulimwengu mzima, vita na chaguzi na bei za mafuta, mtu azisikilize redioni kila siku, asizifanye mzigo.

Kuhusu majina: yapo yasiyosameheka. Anayetaka kuingia Mahakamani asimjue Jaji Mkuu ni kama mgeni aingiaye nyumba ya watu bila kubisha hodi. Ajue kwamba George Masaju aliteuliwa Juni 2025 kumrithi Profesa Ibrahim Hamis Juma, na kwamba kabla yao alikuwapo Mohamed Chande Othman. Na akipenda kurudi nyuma, ajue kwamba Mtanzania wa kwanza kukalia kiti hicho ni Augustine Said, mwaka 1971. Zaidi ya hapo, kukariri orodha ndefu za mawaziri na miji mikuu ni kazi ya kuchosha yenye faida ndogo.

Lipo jambo moja lililoleta mabishano katika nyumba ile, nami sikutaka kuliacha, kwa kuwa linatugusa sisi Waislamu. Mzee aliuliza juu ya umri wa ndoa. Binti akajibu sawasawa: kwamba tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha, na kwamba tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu.

Baba yake, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kutoka mlangoni: “Na masheikh je? Wao wamesema vingine.”

“Masheikh wamesema, Baba, na nimeandika hoja zao hapa,” binti akajibu kwa adabu, akamwonyesha ukurasa. “Nikiulizwa walisema nini nitaeleza bila kupunguza. Nikiulizwa sheria ni ipi nitasema ilivyoamuliwa na Mahakama ya Rufani.”

Baba hakuridhika, naye haikumlazimu kuridhika. Lakini hapo ndipo nilipoona binti amekaribia kiti anachokitaka. Asidhani mtu kwamba Uislamu wake utakaa nje ya kazi hiyo. Mahakama za Mwanzo Tanzania Bara zina mamlaka juu ya mashauri yanayotawaliwa na sheria ya Kiislamu. Na tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilipoziunganisha mahakama zote, zile za maliwali na makadhi zikiwamo, mirathi ya Mwislamu wa Bara huamuliwa na hakimu wa kawaida. Zanzibar na Kenya makadhi wapo hadi leo. Hakimu wetu huulizwa marehemu aliishi vipi, kwa mwenendo wa dini au wa mila, kabla ya kuamua sheria ipi igawe mali yake. Mwanzoni mwa 2015 Serikali ilipouondoa Bungeni muswada uliogusa Mahakama ya Kadhi, misikiti mingi ilijaa maneno. Ni wangapi kati yetu waliokuwa wameusoma? Kijana wetu atakayeulizwa habari hiyo akajibu kwa ghadhabu atakuwa amepoteza alama. Na asiyejua mirathi ya Kiislamu kabisa, kwa kudhani ni mambo ya madrasa, atapoteza pia.

Sasa daftari lenyewe. Ukurasa wa kushoto ni wa habari: nini, lini, nani alitoa, kwa chombo gani. Ukurasa wa kulia ni wa sheria: ibara au kifungu, na swali moja analojiuliza. Kwa mfano, kushoto ameandika ile amri ya Agosti 2024. Kulia ameandika ibara ya 107A ya Katiba, inayoitaja Mahakama kuwa ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki na kuitaka isicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na 107B juu ya uhuru wake. Chini yake kuna alama ndogo: “K” kwa kilichothibitishwa katika karatasi ya Serikali au ya Mahakama, na “S” kwa kilichosikika tu. Aliniambia kwamba mwanzoni kurasa zake zilikuwa “S” tupu.

Hukumu huzisoma kwa simu katika hazina iitwayo TanzLII, isiyotoza chochote, akipanda kilimani ambako mtandao hushika. Kila mwaka, mwanzoni mwa Februari, husikiliza hotuba za Siku ya Sheria, kwa kuwa humo Mahakama hujieleza yenyewe: mashauri yaliyolundikana, majengo, vituo jumuishi kama kile cha Temeke cha ndoa na mirathi, na mitambo ya kufungua mashauri kwa njia ya mtandao. Magazeti humfikia kwa kuchelewa, baba mkubwa akiyabeba kutoka Karatu yamefungiwa viatu au sabuni. Hilo halimsumbui. Habari iliyochelewa, asema, huja imeshapoa, na ya uongo huwa imeshakanushwa.

Wazazi nao nina neno nao. Katika nyumba nyingi kijana anayengoja kazi huonekana hana kazi. Hutumwa maji, hutumwa dukani, huachiwa watoto, na akishika simu huambiwa anacheza. Mama huyu wa Nainokanoka amempa binti yake saa mbili baada ya sala ya alfajiri ambazo hakuna mtu wa kumwita, na babaye humpa redio wakati wa taarifa ya habari hata kama kuna mpira. Wakati wa chakula cha usiku kila mmoja huleta habari moja, na mdogo wao wa darasa la sita ana ruhusa ya kuuliza, “Umejuaje?” Swali hilo, nilivyoona, humtoa jasho binti kuliko maswali ya mzee.

Kabla ya gari la kurudi Karatu, baba mkubwa alimwuliza tena swali lile la kwanza. Safari hii binti alichukua muda. Akataja amri, akataja tarehe yake, akataja Gazeti la Serikali, akasema Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji kwa muda, na akaongeza kwamba kusimamisha si kuamua.

“Na wewe waonaje?” mzee akauliza.

“Mimi ni mkazi wa hapa, Baba Mkubwa. Shauri hili likiletwa mbele yangu nitajitoa, apewe hakimu mwingine.”

Mzee alifunga mkoba wake, akaomba achukuliwe kilo mbili za sukari kwa bei ya jumla, na tukatoka. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, hata duka halikuonekana tulipofika barabarani.